Shukurani Baada ya Mwaka wa Dhiki

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Jamaa zake na Masahaba wake.

Amma baad. Watu wa nyumba moja walituletea suala mwisho wa Dhulhija, mwezi wa kufungia mwaka. Mwaka huo baba wa nyumba alifariki, akaacha mjane, watoto wadogo na deni. Kijana wao mkubwa naye aliugua, akala siku 17 za Ramadhani, kisha akapona. Walipokaa kuyahesabu yaliyowapita, bibi yao alisema, "Semeni Alhamdulillahi." Mjane akamjibu kwa adabu, "Mama, ulimi wangu wasema, lakini moyo haujui unashukuru nini. Je, nina dhambi?"

Jawabu: Hana dhambi kwa huzuni yake. Wala shukurani si kuufurahia msiba, kama wadhanivyo wengi. Mwaka wa 10 wa Utume, yapata mwaka 619 wa Miladi, Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, na wanazuoni wa sira wakauita Mwaka wa Huzuni. Na mwanawe Ibrahim alipokufa, mwaka wa 10 wa Hijra, alitokwa na machozi mbele ya watu, akabainisha ya kuwa jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hautamki lisilomridhi Mola. Basi machozi hayavunji shukurani. Lililokatazwa ni kuomboleza kwa makelele, kujipiga na kupasua nguo, na kumlaumu Mwenyezi Mungu kwa hukumu yake.

Na ujue, ewe ndugu msomaji, ya kuwa Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliweka subira na shukurani katika kitabu kimoja cha Ihyaa yake, kwani mja hukaa kati ya hizo mbili: lililoondolewa alisubirie, na lililobakishwa alishukurie. Imepokewa ya kuwa Urwa bin Zubeir, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, katika safari moja alikatwa mguu na akafiwa na mwanawe. Akavihesabu viungo alivyobakishiwa na wana aliobakishiwa, akamhimidi Mola wake. Hakusema kwamba mguu haukumuuma.

Shukurani ina mahali patatu: moyo, uijue neema imetoka kwa nani, ulimi, uitaje, na viungo, viitumie katika taa. Watu wengi huishia ulimini. Nyumba iliyofiwa yatakiwa itazame matendo haya:

La kwanza, deni la maiti. Baada ya gharama za maziko, deni hulipwa katika mali yake kabla ya wasia na kabla ya urithi kugawanywa. Warithi wasigawane shamba na mwenye kudai yu mlangoni.

La pili, mali ya mayatima. Haifai kuchukua fungu la watoto wadogo kupikia watu matangani, hata kama jamaa wote wakubwa wameridhia, kwa kuwa ridhaa ya mtoto si ridhaa. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliamuru watu wawapikie jamaa zake, kwani wameshughulishwa na msiba. Sisi tumeigeuza sunna hii: wafiwa ndio wapikao, na majirani ndio walao! Deni lililozidi katika nyumba nyingi limetoka katika sufuria za matanga, si katika ugonjwa wa maiti.

La tatu, saumu. Kijana aliyepona na alipe siku zake 17 kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Akichelewesha bila udhuru, katika madhehebu yetu ya Shafii yampasa kulipa saumu na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, apewe maskini. Ama ugonjwa ukimwendelea mpaka Ramadhani ya pili, hana kibaba, atalipa saumu tu.

La nne, sijda ya shukuru. Ni sunna neema mpya inapofika au balaa linapoondoka, kama mgonjwa kupona. Ni sijda moja nje ya sala, kwa udhu, kuelekea kibla na kusitiri uchi. Hutiwa nia, huletwa takbiri, husujudiwa, kisha hutolewa salamu. Akiileta ndani ya sala kwa kusudi na huku ajua, sala yake hubatilika.

La tano, kuwashukuru watu. Aliyemlinda mgonjwa usiku, na aliyengojea deni lake bila kelele, wote wana haki ya kuambiwa ahsante na kuombewa dua, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha ya kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu.

Basi mjane yule na aanze na lililo mkononi mwake. Akilinda fungu la mayatima wake na kulipa deni la mumewe katika mali aliyoiacha, amekwisha shukuru kwa viungo. Na moyo hufuata taratibu, kwani Mwenyezi Mungu katika Sura Ibrahim, aya ya 7, amewaahidi wenye kushukuru kuwazidishia.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotutangulia, waponye wagonjwa wetu, utulipie madeni yetu, na utujaalie katika wenye kusubiri na wenye kushukuru. Amin.