SOMO LA USALAMA KAZINI: KOFIA ZA MAGURUDUMU



Jumapili moja tulikutana Kinindo, madereva, matingo na sisi wa chama, chini ya mwembe wa mwenzetu mmoja, tukalizunguka basi dogo linalochukua wafanyakazi wa zamu. Wengi walidhani tumekuja kuzungumza habari za mishahara. Ni kweli tulikuja kwa mishahara, lakini tulianzia kwenye magurudumu, na mtaona kwa nini.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kofia ya gurudumu la nyuma ilipotea njiani. Mwajiri akakata bei yake katika mshahara wa dereva na wa utingo, nusu kwa nusu. Tangu siku hiyo wakazifunga kofia zote kwa waya zisidondoke, na hakuna aliyethubutu kuzifungua tena. Wiki chache baadaye basi lilikuwa likishuka kutoka Bugarama, likaanza kutikisika nyuma. Dereva akasimama kando. Walipokata waya na kuondoa kofia, walikuta nati mbili hazipo na ya tatu inazunguka kwa vidole. Hakuna aliyeumia, lakini ndani walikuwamo watu wa zamu nzima.

Kwanza tupatane juu ya majina. Katika garaji za Bujumbura watu husema janti, buloni na kriki. Wenzetu wa Kigoma husema rimu, nati na jeki. Ni vitu vile vile. Kofia ni lile bamba la plastiki au la chuma cheupe linalofunika rimu. Magari mengi yanayotoka Ulaya yanazo: mabasi madogo, gari za kliniki, hata zile gari-nyumba za watalii zenye kitanda na jiko ndani. Kazi yake ni urembo na kuzuia tope kidogo. Kofia haishiki gurudumu. Gurudumu linashikwa na nati, na kofia huzificha nati hizo usizione. Ndiyo sababu gari lenye kofia linataka kukaguliwa zaidi kuliko lisilo nazo.

Kuivua. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka jiwe au kigogo mbele na nyuma ya tairi. Kama umetoka mlimani, ngoja. Kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu, mpaka ziwani kwenye mita 770 na kitu, breki hupata moto mkali. Kofia ya chuma inaweza kuunguza mkono, na ya plastiki hulainika ikapinda, kisha hairudi tena mahali pake. Vaa glovu, maana ukingo wa chuma kile hukata kama wembe. Ingiza bamba jembamba pembeni, mbali na valvu ya upepo, sukuma kidogo, hamia upande wa pili, sukuma tena. Ukilazimisha mahali pamoja utavunja vibanio.

Sasa tazama, na hapa msiwe na haraka. Mstari wa kutu unaotoka chini ya nati kama chozi ni dalili kwamba nati imelegea. Chuma kinachong'aa kuizunguka nati ni dalili ile ile. Tundu la rimu likiwa limepanuka, au kuna ufa, gari hilo lisitoke.

Kukaza ni kwa msalaba: nati moja, kisha ile inayotazamana nayo, wala si kuzunguka mfululizo. Nguvu ya kukazia imeandikwa katika kitabu cha gari. Baadhi ya malori na mabasi ya Kijapani, hasa ya zamani, nati za upande wa kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume, nazo huwa na herufi L. Tumeona vijana wenye nguvu wakivunja buloni wakidhani wanafungua, kumbe wanakaza. Katika baadhi ya gari hizo magurudumu pacha ya nyuma yana nati za ndani na za nje. Huwezi kukaza ya ndani kabla ya kulegeza ya nje: legeza ya nje, kaza ya ndani, rudisha ya nje, ndipo uende kwenye inayofuata.

Kuirudisha kofia. Panga tundu lake na valvu kwanza, kisha gonga kwa kiganja au nyundo ya mpira, pande zote. Zipo kofia zinazokuja na kikamatio chake cha chuma. Kikamatio hicho kisiwekwe kati ya nati na rimu isipokuwa mtengenezaji wa gari amekiweka hapo mwenyewe, maana nati hukaa juu yake badala ya kukaa juu ya rimu, na baada ya siku chache inalegea. Kofia mpya iwe na matundu ya kupitisha hewa kwenye breki. Ukitaka kufunga kwa kamba ya plastiki, funga, lakini uwe tayari kuikata kila ukaguzi. Kamba ni rahisi kuliko gurudumu.

Gurudumu likishafunguliwa na kurudishwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa anayekwenda Rumonge, afanye hivyo akifika, kabla ya kugeuka.

Turudi kwenye mshahara. Kofia ikidondoka, inaweza kumpiga mtu wa baiskeli, kwa hiyo hatusemi ni kitu kidogo. Lakini dereva anayeogopa kukatwa hatafungua kofia, na asipofungua hataona nati. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria au makubaliano ya pamoja. Mkataba namba 155, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote, na tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi. Kwa hiyo mwajiri akikata, mjumbe aombe kwa maandishi aonyeshwe kifungu kinachomruhusu.

Na kila gari liwe na daftari. Anayepokea gari aandike kofia ngapi zipo, nati zimekazwa lini na nani, kisha anayekabidhi atie sahihi. Pale tulipokutana daftari lilinunuliwa siku ile ile, kwa mchango.

Jumapili ijayo, mahali pale pale, tutafungua gurudumu pacha la kushoto. Mwenye spana ya magurudumu aje nayo. Tuliyonayo imechakaa meno.