Je, chakula cha Wamarekani ni chipsi na soseji?

Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu mama mmoja mkazi wa Gatina, Kawangware, ambaye alikuwa ametambuliwa punde tu kuwa na ugonjwa wa kisukari. Kama ilivyo desturi, nilimpa dawa na karatasi ya ushauri wa chakula. Karatasi hiyo nilikuwa nimeinakili kutoka kwa kitabu cha Kimarekani, na wakati huo niliiona nzuri sana. Ilitaja uji wa oti, brokoli, samaki aina ya salmoni na lozi.

Baada ya majuma mawili alirudi, sukari ikiwa juu kuliko mwanzo. Alikuwa amenunua pakiti moja ya oti na brokoli moja kwa pesa ambazo zingelisha nyumba yake siku tatu. Vilipoisha alirudia ugali na mchuzi mtupu, na kwa kuwa alikuwa na njaa, sahani ikawa kubwa kuliko ya awali. "Daktari," aliniambia, "hiki chakula chako cha Wamarekani kitanimaliza kabla ya sukari." Kisha akanilalamikia kuhusu kijana wake wa miaka 15. Kijana alikuwa ameacha kula nyumbani. Kila jioni alinunua chipsi, soseji na soda pale kituoni, na akiulizwa, hujibu kwamba hivyo ndivyo Wamarekani wanavyokula.

Basi chumba kimoja kilikuwa na vyakula viwili vya Marekani, cha daktari na cha kijana, na vyote vilikuwa vinawaumiza wenye nyumba. Kosa la kijana lilitokana na ujana. Langu sina la kulisingizia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: chakula cha Wamarekani ni kipi hasa? Jibu lake, nilivyokuja kuona, lina manufaa makubwa kwa anayeishi Kibera au Kawangware kuliko karatasi ile yangu.

MAHINDI, MAHARAGWE NA MALENGE

Kabla Wazungu hawajafika bara la Amerika, wenyeji wake walikuwa wakipanda mimea mitatu katika shamba moja: mahindi, maharagwe na malenge. Baadhi yao, kama vile watu wa Iroquois wa kaskazini mashariki, waliiita mimea hiyo dada watatu. Mahindi yalitoa mti wa kupandiwa na maharagwe, maharagwe yakarutubisha udongo, na majani mapana ya malenge yakafunika ardhi ili unyevu usitoroke.

Dada hao walikutana tena chunguni. Protini ya mahindi ina upungufu wa baadhi ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharagwe yana vijenzi hivyo kwa wingi, nayo mahindi yana kile ambacho maharagwe hayana cha kutosha. Vikiliwa pamoja, mlo hukaribia ubora wa nyama. Malenge na majani yake huongeza vitamini.

Msomaji aliyelelewa Murang'a au Nyeri atakuwa ameshatabasamu. Mahindi na maharagwe ni githeri. Ongeza majani ya malenge na viazi, uponde, na hapo pana mukimo. Hata viazi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Nyanya, pilipili, muhogo, viazi vitamu na njugu karanga pia vilitoka huko, vikaanza kufika Afrika kwa meli za Wareno kuanzia karne ya 16. Kwa hivyo anayekula githeri asubuhi Laini Saba amekula chakula cha Amerika kilicho cha kale zaidi kuliko soseji, ambayo Wamarekani waliletewa na wahamiaji wa Kijerumani.

Safari haikuwa ya upande mmoja. Kunde, bamia na tikiti maji ni mimea ya Afrika, iliyovushwa bahari pamoja na watumwa. Kule Louisiana kuna mchuzi mzito unaoitwa gumbo, na jina hilo limetokana na neno la Kibantu la bamia. Katika jimbo la South Carolina watu hula kunde na wali siku ya Mwaka Mpya ili wapate heri. Na majani wanayoyapika Wamarekani wa kusini, yanayoitwa collard, ni ndugu wa damu wa sukuma wiki yetu.

Majimbo mengine nitayapitia haraka. Boston wanajulikana kwa maharagwe yaliyookwa polepole na sukari guru na nyama ya nguruwe. Kusini magharibi, karibu na Meksiko, wana chapati za mahindi na maharagwe. Texas huchoma nyama ya ng'ombe kwa moshi saa nyingi, nao North Carolina huchoma nguruwe na kumtia siki, na ubishi wao kuhusu nani anajua kuchoma ni kama ule unaousikia Jumapili kwenye vibanda vya nyama vya Dagoretti. Unachokiona kote ni watu waliotoka pande mbalimbali, wakakuta mahindi na maharagwe ya wenyeji, kila mmoja akatia ujuzi wa kwao.

KUSINI KULIPOINGIA MARADHI

Sasa nije kwenye jambo ambalo kama daktari silipiti haraka. Mwanzoni mwa karne ya 20, majimbo ya kusini mwa Marekani yalivamiwa na maradhi yanayoitwa pelagra. Ngozi ya mgonjwa iliungua na kubambuka pale inapopigwa na jua, hasa shingoni na mikononi. Akafuatia kuhara, kisha akili ikavurugika, na wengi walikufa. Madaktari walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mwaka wa 1914 serikali ilimtuma Daktari Joseph Goldberger kuchunguza. Aliona jambo ambalo mwenye macho yeyote angeliona: katika hospitali na nyumba za mayatima wenyeji waliugua, lakini wauguzi na wahudumu waliolala pamoja nao hawakuugua. Tofauti ilikuwa sahani. Maskini walikula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na sukari guru, mwaka nenda mwaka rudi. Alipowapa mayatima maziwa, mayai, nyama na maharagwe, maradhi yalitoweka. Mwaka wa 1937 mwanasayansi Conrad Elvehjem alitambua kilichokosekana, nacho ni vitamini iitwayo niasini.

Lakini je, wenyeji wa asili, waliokula mahindi kwa maelfu ya miaka, mbona hawakuugua? Kwanza, hawakuyala peke yake. Pili, waliyachemsha kwa maji ya jivu au chokaa kabla ya kuyasaga, na jivu hilo huifungua niasini iliyofungika ndani ya punje. Wazungu walichukua mahindi, wakaacha jivu. Kisha vikaja vinu vipya vilivyoondoa kiini cha punje ili unga udumu dukani, na maskini waliotakiwa kupanda pamba hadi mlangoni hawakubakiwa na kipande cha kupandia mboga. Mahindi yalibaki yatima, bila dada zake.

Sisi pia tulipokea mahindi bila jivu. Ajabu ni kwamba Waluhya na Wajaluo wanalijua jivu hilo, ila hulitia kwenye mboga za kienyeji ili zilainike.

HALI ILIVYO MITAANI KWETU

Siku hizi pelagra haionekani mara nyingi Nairobi, na nikiikuta huwa ni kwa mlevi aliyeacha kula. Ninachokiona kila siku ni akina mama wenye upungufu wa damu, watoto wafupi kuliko umri wao, na watu wa miaka 40 wenye presha na kisukari. Chanzo chake kina sura ileile niliyoieleza: mahindi yaliyobaki peke yake.

Kibera ni Kenya nzima ndani ya bonde moja. Wanubi wa Makina, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles, wanapika gurusa. Wajaluo wamekuja na samaki, omena na mnavu. Waluhya wana mrenda, saga na kuku, na Wakamba wana muthokoi. Kila mapishi hayo yalipokuwa kijijini yalikuwa na wenzake: ugali ulikuwa na mboga mbili, maziwa ya mala, na samaki au kunde. Mjini huja ugali peke yake. Kunde huchukua muda kuchambua, maharagwe hula makaa, na maji hununuliwa kwa mtungi. Simlaumu mama anayerudi saa mbili usiku kutoka kibaruani Lavington. Anapika kinachoiva upesi, nacho ni ugali na sukuma kidogo iliyokaangwa kwa mafuta mengi ili ipate ladha. Au anatuma mtoto chipsi.

Kuhusu chipsi, kiazi hakina hatia. Taabu ni mafuta yanayochemshwa tena na tena hadi yawe meusi, chumvi inayomwagwa juu, na soseji, ambayo ina chumvi nyingi hata kabla ya kachumbari. Mtu mzima hapaswi kupitisha gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Soda ya kola ya mililita 300 nayo ina sukari ya takriban vijiko vinane. Kijana akila hivyo kila jioni, nitaonana naye akifika miaka 35.

UNAWEZA KUFANYA NINI?

Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, na yataiva kwa makaa machache zaidi. Usipoweza, wako akina mama Kibera na Kawangware wanaouza githeri na maharagwe yaliyokwisha chemshwa, na bei yake mara nyingi haizidi ya sahani ya chipsi. Nunua yaliyo moto, uyachemshe tena nyumbani kwa nyanya na kitunguu.

Kuhusu unga, ule wa pakiti umetakiwa kisheria tangu 2012 kutiwa madini ya chuma na vitamini, niasini ikiwemo, basi tazama alama kwenye pakiti. Ule wa kusagisha kwenye kinu haukutiwa kitu, lakini usipokobolewa unabaki na kiini chake. Yasagishwe mahindi makavu yasiyo na kuvu. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa Ukambani na maeneo jirani kwa sumu ya kuvu ya mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Omena kiganja kimoja, hata mara tatu kwa juma, ni dawa ya mifupa na damu. Chai ya rangi iliyokolea isinywewe pamoja na mlo, maana huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ngoja saa moja. Mboga zioshwe vizuri kwa maji safi, kwani nyingine zimenyweshewa maji machafu ya mitaro. Huko Kibera nimeona kunde na sukuma zikistawi kwenye magunia ya udongo mlangoni, na mtu mwenye gunia moja huchuma mara kadhaa kwa mwezi.

Mwenye kisukari asiache ugali, bali aupunguze uwe kama ngumi yake. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani, na robo iwe maharagwe, ndengu au samaki. Asipunguze wala kuacha dawa bila kumwona daktari, kwani chakula kikibadilika sukari inaweza kushuka ghafla.

Yule mama wa Gatina nilimwandikia karatasi nyingine kwa mkono, tukiwa tumekaa pamoja, yeye akinitajia alichonacho sokoni Kawangware na bei yake, mimi nikiandika: githeri, mnavu, kunde, omena, ugali wa wimbi na mahindi, malenge. Aliposoma alicheka, akasema hivyo ni vyakula vya mama yake kule Butere. Ya oti aliniachia mezani. Kijana wake alikuja naye miezi mitatu baadaye, na swali lake la kwanza lilikuwa kama ni kweli Wamarekani wanakula kunde.