Ukumbi wa Muziki ni Shule ya Usiku

Kabla sijaanza nataka kukiri jambo moja. Mimi sijawahi kuingia katika ukumbi wa muziki wa usiku. Nina umri wa miaka kumi na sita, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali panaponywewa pombe. Basi utaniuliza: utafundishaje jambo usilolijua?

Naam, swali zuri. Jibu ni kwamba muziki wenyewe hunifuata nyumbani. Hapa Raila, Kibera, ukuta wetu ni wa mabati, na hatua chache kutoka kwetu ipo baa ambayo bendi ya ohangla hupiga Ijumaa na Jumamosi. Nikiwa nafanya hesabu zangu, besi hutikisa sufuria kwenye rafu. Nilichukia muziki wa usiku kabisa. Mwalimu mlezi wa chama alipotuambia tuandike juu ya kazi za watu wa Nairobi, niliamua kuandika kwamba kumbi zote zifungwe. Nikamwendea mjomba wangu, ambaye alipiga gitaa la besi kwa miaka mingi, anipe maneno makali. Hakunipa maneno makali. Alinipa somo, nami nakuletea.

Ukumbi ni nini?

Baa yenye redio si ukumbi wa muziki. Ukumbi halisi ulikuwa na bendi ya kudumu, yaani bendi iliyopatana na mwenye ukumbi kupiga hapo hapo siku zile zile, wiki baada ya wiki. Katika kumbi alizopiga mjomba, mwenye ukumbi alichukua pesa za vinywaji, na bendi ikachukua pesa za kiingilio.

Hebu tupige hesabu kidogo. Tuseme watu 100 wamelipa shilingi 100 kila mmoja. Hizo ni shilingi 10,000. Toa 3,000 za kukodi vyombo na 1,500 za gari la kuwarudisha watu nyumbani usiku. Zinabaki 5,500. Bendi ina watu 8, kwa hiyo kila mmoja anapata shilingi 687 na senti 50. Mvua ikinyesha wakaja watu 40, zinapungua 500 hata kabla ya kugawana! Nilidhani wanamuziki wa usiku ni watu wa raha tu. Kumbe wenye raha ni wale waliolipa kiingilio.

Nairobi ilivyowaita wanamuziki

Mwaka 1971 ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walifika Kenya baada ya kupitia Arusha. Bendi yao ikaitwa Simba Wanyika. Kutoka Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire, Super Mazembe walihamia Nairobi mwaka 1974. Samba Mapangala naye alipitia Uganda, akafika mwaka 1977, na mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga. Walikuja kwa sababu Nairobi ilikuwa na kampuni za kurekodi na kiwanda cha kuchapa santuri, na pia kwa sababu ilikuwa na kumbi. Watu wazima wa hapa wakisikia jina Garden Square, Starlight au Bombax ya Dagoretti Corner, utaona wanatabasamu.

Sasa angalia jambo hili. Mwaka 1976 wanamuziki kadhaa walimwacha Baba Gaston wakaunda Les Mangelepa. Mwaka 1978 wengine walitoka Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika. Bendi moja ilizaa nyingine, kama mama na mwana. Nilimuuliza mjomba watu hao walisomea wapi.

"Shule gani, bana! Mimi nilianza kwa kubeba spika. Saa ya kwanza, kabla watu hawajajaa, mkubwa ananiambia shika hiyo besi tuone. Ukikosea, unaangaliwa tu. Siku ya pili hukosei."

Akaniambia wimbo wa rumba huanza polepole, maneno yasikike, kisha huchemka ili watu wacheze. Studioni ukikosea unaweza kurudia. Ukumbini, mchezaji akirudi kuketi, umefeli mtihani papo hapo.

Kwetu wanachama wa Kiswahili kuna faida nyingine. Watunzi wa Tanga na wa Kongo waliwaimbia Mjaluo, Mkikuyu, Mluhya na Mkamba kwa lugha moja. Chukua jina la wimbo wa Super Mazembe, "Shauri Yako". Katika sarufi, shauri liko pamoja na mashauri, kwa hiyo ungetarajia shauri lako. Mwalimu angekata alama! Lakini watu wakitaka kusema "ni juu yako mwenyewe", husema shauri yako. Wimbo ulifuata mdomo wa watu. Kumbi zile zilieneza Kiswahili kinachosemwa, bila kitabu wala kiboko.

Taa zilipozimika

Kumbi hazikufa siku moja. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, watu wa jijini walikatazwa kutoka usiku kwa muda. Baadaye kanda za wizi zilipunguza mapato ya santuri. Wenye baa wengi wakaona heri deejay mmoja, au mtu mmoja na gitaa lake, kuliko kulisha watu wanane. Sheria ile ya 2010 iliruhusu baa kuuza pombe siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, wakati ambapo zamani bendi ndiyo kwanza inachemka.

Kisha ikaja korona. Tarehe 27 Machi 2020 kafyu ilianza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa zilibadilishwa mara kadhaa, lakini kafyu haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Hiyo ni karibu miezi 19. Mjomba aliuza gitaa lake mwezi wa tano tu. Siku hizi anauza makaa.

"Ulimuuzia nani, mjomba?"

"Kanisa fulani. Linapigwa Jumapili asubuhi. Angalau lenyewe halilali njaa."

Alicheka, lakini mimi sikuweza kucheka.

Na usingizi wetu je?

Sitaki udhani nimesahau sufuria zangu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinasema kuwa penye makazi, usiku huanza saa mbili, na kelele isizidi desibeli 35. Mwishoni mwa mwaka 2022 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kati ya makazi ya watu. Nilimuuliza mjomba, "Na mimi nisome saa ngapi?"

Alinyamaza kidogo. "Hapo unasema kweli, mwanangu. Sisi tulipiga mjini, katikati ya ofisi. Usiku hakukuwa na mtoto amelala ukuta wa pili. Lakini usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Harusi yako utapigiwa na nani?"

Basi hapo ndipo nilipobadilisha makala yangu. Kosa si muziki, kosa ni mahali na saa. Tukifunga kila ukumbi, tunafunga shule ya watu wasio na shule nyingine. Tukiuacha kila ukumbi upige unavyotaka, tunafunga vitabu vyetu. Dawa ni kumbi ziwe mahali ambapo usiku hauna watoto, na huku mitaani bendi zipige mchana, Jumamosi na Jumapili, hata sisi wa miaka kumi na sita tusikie.

Wiki jana mjomba na majirani wawili walikwenda kwa mwenye baa. Hakuacha muziki, lakini alikubali spika zielekee upande wa barabara. Sufuria bado zinatikisika, ila sasa kidogo.

Maswali ya kujadili chamani:
1. Bendi ya watu 8 ikipata kiingilio cha watu 60 kwa shilingi 100, na gharama ni zile zile, kila mmoja atapata ngapi?
2. Taja misemo mitatu ya nyimbo ambayo watu husema mtaani ingawa sarufi haiikubali.
3. Je, baa iliyo karibu na kwenu ifungwe, ihamishwe, au igeuze spika? Toa sababu.