Joto la bahari limethibitika, oksijeni je?

Swali: Joto la bahari wanasayansi wanalihusisha na binadamu bila kusita. Mbona kwenye oksijeni wanasuasua?

Jibu: Bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalosababishwa na binadamu, hapo hakuna ubishi. Oksijeni nayo ilipungua kama asilimia 2 kati ya 1960 na 2010, ila hupanda na kushuka yenyewe, El Niño ikija na kuondoka, na mkono wa binadamu hufichika humo. Utafiti wa Matthew Long na wenzake, 2016, ulikadiria kwamba mkono huo utadhihirika sehemu nyingi za bahari kati ya 2030 na 2040. Baharini mashariki mwa Afrika? Huenda hata kufikia 2100 usijitenge na mabadiliko hayo ya asili. Lakini msifurahi mapema, joto halingoji: matumbawe yetu yalikwishapauka kwa joto 1998, yakapauka tena 2016.