Kuhama na Shajara Yako Nzima

Mwishoni mwa Mei 2007, watu waliokuwa wakiandika kwenye LiveJournal walifungua kurasa zao wakakuta majina ya baadhi ya wenzao yamepigwa mstari katikati, kama jina la mwanafunzi aliyefukuzwa linavyokatwa kwenye daftari la mahudhurio. Ndivyo tovuti ile ilivyoonyesha kwamba shajara imesimamishwa. Zilikuwa kama 500. Kampuni iliyoimiliki wakati huo, Six Apart, ilikuwa imeshinikizwa na watu waliodai kwamba tovuti inawahifadhi wanyanyasaji wa watoto. Ikaangalia maneno ambayo watumiaji wameyataja kwenye wasifu wao kama mambo yanayowavutia, ikafunga kwa kufuata maneno hayo. Wakafagiliwa pamoja waandishi wa hadithi za mashabiki, vikundi vya kufarijiana vya watu walionusurika unyanyasaji wa kingono, na hata kundi la wasomaji wa Kihispania waliokuwa wakijadili Lolita, riwaya ya Nabokov. Siku chache baadaye mkuu wa kampuni aliomba radhi na shajara nyingi zikarudishwa. Lakini watu walikuwa wameshaona kwamba kazi ya miaka inaweza kufungiwa usiku mmoja, mwenyewe akiwa amelala.

Nalieleza tukio hili kwanza kwa sababu ndilo linaloonyesha kwa nini mtu ahame, na ahamie wapi. LiveJournal ilianzishwa na Brad Fitzpatrick mwaka 1999, na kwa miaka kadhaa ilikuwa baraza kuu la mashabiki wa vitabu na tamthilia waliopenda kubuni hadithi zao wenyewe juu ya wahusika wa Harry Potter, Star Trek na kazi nyingine. Mtu aliweka sura moja ya hadithi, wenzake wakaja chini yake wakasifu, wakabisha, wakauliza nini kinafuata. Mwishoni mwa 2007 tovuti iliuzwa kwa kampuni ya Kirusi iitwayo SUP. Desemba 2016 seva zake zikahamishiwa Urusi, na Aprili 2017 yakaja masharti mapya ya matumizi yanayofuata sheria za Urusi. Masharti hayo yalikuwa na tafsiri ya Kiingereza, lakini ndani yake imeelezwa kwamba tafsiri hiyo haina nguvu ya kisheria. Mtu alitakiwa kukubali maandishi ya Kirusi asiyoyajua ndipo aendelee kuitumia shajara yake mwenyewe. Hata George R. R. Martin, mwandishi mwenye jina kubwa aliyekuwa akiandika pale tangu 2005, mwaka 2018 alihamishia shajara yake kwenye tovuti yake binafsi.

Wengi wasio na tovuti zao walikwenda Dreamwidth. Hii iliasisiwa na Denise Paolucci na Mark Smith, ambao wote wawili waliwahi kufanya kazi LiveJournal, na ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Aprili 2009. Walichukua programu ya LiveJournal, ambayo msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, wakaitengeneza upya. Ndiyo maana aliyeizoea ya zamani hapotei njia. Dreamwidth haiweki matangazo ya biashara hata kidogo. Inaendeshwa kwa ada za watumiaji wanaochagua akaunti ya kulipia, na akaunti ya bure ipo. Kwangu hilo la matangazo ndilo lenye uzito kuliko yote. Tovuti inayoishi kwa matangazo humsikiliza mwenye tangazo kwanza, na siku akikasirika, atakayefungiwa ni wewe.

Usiichanganye na Archive of Our Own, maktaba ya hadithi za mashabiki iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 2009. Kule unaweka hadithi yenyewe ili isomwe. Shajara ni ya maisha na mazungumzo. Waandishi wengi wana akaunti pande zote mbili.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye akaunti ya LiveJournal na uhakikishe kwamba barua pepe iliyosajiliwa pale bado ni yako na inafunguka. Watu wengi walijiandikisha kwa anwani ya chuo au ya kazi waliyoiacha zamani, na hapo ndipo wanapokwama. Kisha badilisha nenosiri, uweke jipya ambalo hulitumii mahali pengine popote, kwa kuwa utaliandika kwenye tovuti nyingine ili ikuchukulie mizigo. Ukimaliza kuhama, libadilishe tena.

LiveJournal ina njia yake ya kupakua maandiko, lakini inatoa mwezi mmoja kwa wakati mmoja. Shajara ya miaka kumi ni mafaili 120, na maoni ya wasomaji hayamo. Pakua kama una subira, uweke kwenye diski yako kama akiba. Ila usidhani kwamba hapo umehama.

Kuhama kwenyewe kunafanyikia Dreamwidth. Fungua akaunti, ingia, nenda kwenye menyu iliyoandikwa Organize, kisha Import Content. Utaulizwa unatoka tovuti gani, jina lako kule ni nani na nenosiri ni lipi. Halafu unachagua cha kubeba: maandiko, maoni, lebo, ikoni, wasifu, orodha za watu. Ombi lako linaingia kwenye foleni. Shajara ndogo inaweza kumalizika mapema. Kubwa huchukua muda mrefu zaidi, hasa siku ambazo watu wengi wanahama kwa pamoja. Funga kompyuta ukalale, kazi inafanyika kwenye seva zao. Baadaye ukigundua kwamba kule kwa zamani kumeongezeka maoni, unaweza kuomba tena, na maandiko yaliyokwishafika hayajirudii.

Nakusihi usiache kuchagua maoni. Miaka ya nyuma niliwahi kuwa na shajara kwenye tovuti moja ambayo sasa haipo. Siku tulipotangaziwa kwamba inafungwa nilikaa usiku kucha nikinakili maandishi yangu, moja baada ya jingine, nikaona nimeokoa kila kitu. Chini ya andiko moja, nililoliandika wiki ya msiba wa bibi yangu, rafiki yangu alikuwa ameacha maneno marefu kuliko yangu. Alieleza namna bibi alivyomfundisha kusuka ukili, na jinsi alivyomfumulia kazi nzima kwa sababu ya mshono mmoja uliolegea. Sikuyanakili, kwa kuwa hayakuwa yangu. Rafiki huyo naye ameshatangulia. Maandishi yangu ninayo yote mpaka leo, na ningeyatoa nusu yake nipate yale ya kwake.

Dreamwidth inabeba maoni pamoja na mpangilio wake, nani alimjibu nani, na jina la kila aliyeandika likibaki na alama kwamba mtu huyu anatoka LiveJournal. Hapa pana suala la adabu. Wapo waliolalamika kwamba maneno yao yamehamishwa bila kuulizwa, na nawaelewa: mtu alizungumza kwenye baraza moja, anajikuta kwenye jingine. Basi toa taarifa kabla ya kuhama. Andiko fupi linatosha, useme unahamia wapi na lini, na kwamba asiyependa maoni yake yaende ayafute mapema au akuambie. Ukiwa msimamizi wa kundi ndio zaidi, maana unabeba maneno ya watu wengi kwa mkupuo.

Vilevile angalia kufuli. Andiko ulilolifunga liwe la kwako peke yako linafika likiwa limefungwa vilevile, na lililokuwa la marafiki tu haligeuki kuwa la umma. Lakini Dreamwidth hailitumii neno rafiki kama lilivyotumika kule, na nadhani walifanya jambo la busara. LiveJournal ilikuwa na orodha moja tu: ukimweka mtu kwenye marafiki, unasoma anayoyaandika na papo hapo umempa ufunguo wa maandiko yako yaliyofungwa. Ukimtoa, umemnyang'anya ufunguo na pia umeacha kumsoma, na ugomvi mwingi ulizaliwa hapo. Dreamwidth imetenganisha mambo hayo mawili. Kumfuatilia mtu ni shauri moja, kumruhusu asome yako ya ndani ni jingine. Unaweza kumsoma mwandishi maarufu kila siku bila yeye kuona habari za ndoa yako, na unaweza kumruhusu dada yako asome kila kitu ingawa yeye haandiki chochote. Pitia orodha yako jina kwa jina, usiihamishe kwa mazoea. Miaka imepita, na baadhi ya waliomo huenda hamsalimiani tena.

Ikoni zina kikomo kwa akaunti ya bure, chagua unazozipenda. Picha zilizo ndani ya maandiko ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mashine inabeba maneno tu. Picha inaendelea kukaa ilikokuwa, na andiko lako jipya linaielekeza huko. Kwa macho utadhani imehama. Siku tovuti ya zamani ikifungwa, patabaki pengo. Zipakue mwenyewe, uzipandishe upya, urekebishe viungo katika yale maandiko unayoyathamini zaidi.

Foleni ikiisha, chukua maandiko machache kutoka miaka tofauti na uyafungue bega kwa bega, la zamani na jipya. Hesabu maoni. Tazama herufi zenye alama, maana maandiko ya zamani sana wakati mwingine hufika na herufi zilizovurugika. Halafu toka kwenye akaunti na ujaribu kufungua andiko lililofungwa ukiwa kama mgeni, uone kama kweli mlango haufunguki.

Baada ya hapo watu hukimbilia kuifuta akaunti ya zamani. Subiri kwanza. Maneno yako hayako kwenye shajara yako tu, yametawanyika kwenye shajara za wenzako, na wao wakihamia Dreamwidth yanakwenda pamoja nao yakiwa na jina lako la LiveJournal. Dreamwidth ina ukurasa wa kuyadai. Unaandika anwani yako ya zamani, inakupeleka LiveJournal uthibitishe kwamba wewe ndiye mwenye akaunti ile, unarudi, na tangu hapo maoni hayo yanaonekana kwa jina lako jipya. Ukishaifuta akaunti ya zamani huna tena pa kuthibitishia, na maoni hayo yatabaki kwa jina ambalo huwezi tena kulishika. Dai kwanza, acha andiko la mwisho linaloeleza ulikohamia, badilisha nenosiri, ndipo uamue kama ufute au uache mlango wa zamani wazi.