Kabla ya Kumchukua Simbilisi Aliyeachwa

Chukulia familia moja iliyopewa simbilisi na jirani anayehamia mji mwingine. Watoto wanafurahi. Mnyama anawekwa katika kizimba cha zamani cha sungura, analishwa mabaki ya ugali, mkate na pumba za mahindi, na kila jioni watoto wanambeba kwa zamu. Baada ya wiki tatu hivi anaanza kuchechemea na kulia anapoguswa. Wazazi wanadhani amekanyagwa. Baba ananunua kapsuli za amoksilini, anafungua moja na kumnywesha unga wake kidogo kwa maji. Siku chache baadaye simbilisi amekufa, na watoto wanaambiwa kwamba pengine alikuja na ugonjwa.

Hakuja na ugonjwa. Alikosa vitamini C, kisha akapewa dawa ambayo kwake ni sumu. Hakuna aliyemtesa kwa kusudi, na mapenzi hayakupungua katika nyumba hiyo. Kilichokosekana ni maarifa machache ambayo mkaazi yeyote anaweza kujifunza kabla ya kumpokea mnyama. Somo hili linayaeleza.

Simbilisi ni mnyama gani?

Simbilisi, ambaye watoto wengi humwita ginipigi, ni mnyama mdogo asiye na mkia. Akikomaa huwa na uzito wa gramu 700 hadi 1,200. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini, ambako wenyeji walimfuga kwa maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Leo hufugwa pia mashariki mwa Kongo, hasa Kivu, kwa nyama na mbolea. Mijini hapa Kenya wengi humfuga kama rafiki wa nyumbani.

Akitunzwa vyema huishi miaka 5 hadi 8. Jambo hili ndilo la kwanza kupimwa. Mtoto wa darasa la nne anayemtaka leo anaweza kuwa karibu kumaliza sekondari wakati mnyama huyo bado yuko hai. Kwa hiyo anayemchukua simbilisi ni mtu mzima wa nyumba hiyo. Mtoto ni msaidizi tu.

Maswali ya kumuuliza anayemtoa

Vituo vya kuokoa wanyama nchini ni vichache, na vingi hushughulika zaidi na mbwa, paka na punda. Simbilisi aliyeachwa mara nyingi hupatikana kwa jirani, kwa shule au kwa familia inayohama. Awe anatoka kituoni au kwa jirani, maswali ni yale yale:

1. Ana umri gani, na ni dume au jike? Ni nani aliyethibitisha jinsia yake?
2. Amekuwa akiishi na nani? Kama ni jike, je, amewahi kukaa na dume katika wiki kumi zilizopita?
3. Amekuwa akila nini kila siku?
4. Amewahi kuugua au kutibiwa? Ana uzito gani sasa?
5. Ikitokea nyumba mpya imeshindwa kumtunza, je, atarudishwa?

Kituo kizuri nacho huuliza maswali. Hutaka kujua nyumba ikoje, nani atakuwa mlezi, na kama mwenye nyumba ya kupanga ameruhusu wanyama. Mkaazi asione maswali hayo kuwa dharau. Mnyama ameshaachwa mara moja, na kituo kinajaribu kuzuia asiachwe tena.

Vitamini C ya kila siku

Ng'ombe, mbuzi, mbwa na sungura hujitengenezea vitamini C mwilini. Simbilisi hawezi, kama vile binadamu asivyoweza. Ni kupitia kwa mnyama huyu ndipo Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei walipoonyesha, mwaka wa 1907, kwamba ugonjwa wa kiseyeye hutokana na lishe. Waliwalisha simbilisi nafaka na mkate pekee, wakaona wanapata ugonjwa ule ule uliowaua mabaharia wengi kwa karne nyingi. Familia ya mfano wetu ilirudia jaribio hilo bila kujua.

Dalili huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu. Manyoya huparara, viungo huvimba, mnyama huchechemea au hukataa kutembea, na fizi zinaweza kutoka damu.

Simbilisi mzima wa kilo moja huhitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa siku, na mwenye mimba au mgonjwa huhitaji kiwango cha juu zaidi. Gramu 100 za pilipili hoho mbichi ya kijani zina takriban miligramu 80. Kipande cha gramu 25, yaani kama robo ya hoho ya wastani, humpa takriban miligramu 20. Sukuma wiki mbichi na dania pia husaidia. Mboga zisipikwe, kwa kuwa moto huharibu vitamini hiyo. Kuweka vitamini ndani ya maji ya kunywa si njia ya kutegemewa, kwani hupotea upesi.

Hata hivyo, mboga si chakula chake kikuu. Chakula kikuu ni nyasi, mbichi au kavu, na ziwepo usiku na mchana. Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote, na kutafuna nyasi ndiko kunakoyasaga. Nyasi kavu za boma rhodes zinazouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe zinafaa sana, mradi zisiwe na ukungu. Nyasi za kando ya barabara zilizonyunyiziwa dawa au kukojolewa na mbwa zisitumike.

Asipewe vitunguu, majani ya viazi au viazi vilivyochipua, parachichi na majani yake, nyama, maziwa wala mkate. Chakula cha sungura cha madukani hakitoshi, kwa sababu hakiongezwi vitamini C. Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwani tumbo lake huvurugika kwa mabadiliko ya ghafla.

Wawili, na wa jinsia moja

Simbilisi ni mnyama wa kundi. Akikaa peke yake huwa mnyonge. Nchini Uswisi, sheria iliyoanza kutumika mwaka wa 2008 inakataza kumfuga akiwa peke yake. Anayemchukua mmoja afikirie kuchukua wawili, ikiwezekana waliokwisha kuzoeana.

Wawili hao wawe wa jinsia moja. Jike huweza kupata mimba akiwa na umri wa wiki nne tu, na hubeba mimba kwa siku 59 hadi 72. Kwa kawaida huzaa watoto wawili hadi wanne, na saa chache baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine. Mwaka mmoja unaweza kuleta uzao hata mara tano. Ndiyo maana nyumba iliyoanza na jozi moja hujikuta ina wanyama ishirini, na wengi wao huishia kuachwa.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Jike ambaye hajawahi kuzaa hadi akafika miezi sita hadi minane, mifupa ya nyonga yake hukazana. Akishika mimba baada ya hapo, mara nyingi hushindwa kuzaa, na anaweza kufa. Watoto madume watengwe na mama na dada zao wanapotimiza wiki tatu. Asiyeweza kutofautisha dume na jike asibahatishe, bali apeleke wanyama kwa daktari wa mifugo.

Sungura si mwenzake wa kukaa naye. Sungura anaweza kubeba bakteria bila kuugua, lakini bakteria hao humletea simbilisi homa ya mapafu. Teke moja la sungura pia linaweza kumvunja mbavu.

Makao yake

Simbilisi wawili wanahitaji nafasi ya sakafu isiyopungua sentimita 120 kwa 60. Hapandi wala haruki sana, kwa hiyo kizimba kirefu kwenda juu hakimfai. Sakafu iwe imara. Waya wa vizimba vya sungura humchubua nyayo, na vidonda vyake ni vigumu kupona. Juu ya sakafu kuwekwe nyasi kavu au maranda ya mbao isiyo na vumbi. Maranda yenye harufu kali, kama ya mtarakwa, yaepukwe kwa kuwa humuumiza mapafu. Ndani kuwe na maficho mawili, hata kama ni maboksi ya karatasi yaliyotobolewa milango.

Joto ni adui yake mkubwa kuliko baridi ya kawaida. Halijoto ikipita nyuzi 27, na hasa 30, anaweza kuzidiwa na kufa. Katika sehemu za joto kizimba kiwe kivulini, penye hewa, kamwe kisiwe chini ya mabati bila dari. Katika sehemu za baridi, aingizwe ndani usiku na aongezewe nyasi za kulalia.

Kizimba cha nje kifungwe vizuri dhidi ya paka, mbwa, nguchiro na panya. Siafu nao wanaweza kumwua kwa usiku mmoja. Miguu ya kizimba ikisimamishwa ndani ya mikebe yenye maji na mafuta kidogo, siafu hushindwa kupanda.

Wiki tatu za kwanza

Anayekuja nyumbani penye simbilisi wengine atengwe kwa wiki mbili hadi tatu. Muda huo huonyesha kama ana utitiri, choa au mafua. Choa huambukiza watu pia, kwa hiyo kila anayemshika anawe mikono kwa sabuni.

Simbilisi huficha ugonjwa, kwa sababu porini mnyama dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Njia rahisi ya kumgundua ni mizani ya jikoni. Apimwe kila siku katika wiki ya kwanza, halafu mara moja kwa wiki, na uzito uandikwe daftarini. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, apelekwe kwa daktari. Akikaa nusu siku bila kula, hiyo ni dharura. Asisubiriwe hadi kesho kutwa.

Dawa za binadamu zisitumike

Hili ndilo kosa linaloua haraka zaidi. Penisilini, ampisilini na amoksilini huangamiza bakteria wema walio tumboni mwa simbilisi, na nafasi yao huchukuliwa na wengine wanaotoa sumu. Mnyama huharisha na kufa ndani ya siku chache. Dawa iliyomponya mtoto kikohozi, au iliyobaki baada ya kutibu mbuzi, isipewe simbilisi.

Mhudumu anapofika, mkaazi amwambie waziwazi kwamba mgonjwa ni simbilisi na amuulize kama dawa ni salama kwake. Si wahudumu wote wamezoea kumtibu mnyama huyu, na swali hilo halimvunjii mtaalamu heshima.

Mtoto na mnyama

Mtoto akae sakafuni anapomshika, mkono mmoja ukiwa chini ya kifua na mwingine ukibeba makalio. Simbilisi akianguka kutoka mikononi mwa mtu aliyesimama anaweza kuvunjika mgongo. Asiinuliwe kwa miguu wala kwa ngozi ya shingo. Kazi za mtoto ziwe kujaza maji safi, kuleta nyasi na kuandika uzito. Mtu mzima akague kila jioni.

Sheria na msaada

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inakataza kumtesa mnyama, awe mkubwa au mdogo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka udhibiti na ustawi wa wanyama miongoni mwa majukumu ya kaunti. Mkaazi aliyeshindwa kumtunza simbilisi asimwachilie shambani au jalalani, kwa kuwa mnyama huyu hajui kujitafutia wala kujikinga. Aulize katika ofisi ya mifugo iliyo karibu, au amrudishe alikotoka. Matibabu yafanywe na daktari au mhudumu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya.

Maswali ya kujipima

Kabla ya kumleta nyumbani, familia ikae pamoja na kujibu:

1. Ni mtu mzima yupi atakayemtunza kwa miaka hadi minane?
2. Vitamini C yake ya kesho asubuhi itatoka wapi?
3. Je, jinsia ya kila mmoja imethibitishwa?
4. Daktari wa mifugo aliye karibu ni nani, na nauli ya kumfikia imetengwa?
5. Familia ikisafiri, nani atabaki naye?

Familia ya mfano wetu ingejibu swali la pili na la nne, watoto wangekuwa bado wanakata hoho kila asubuhi. Ikiwa majibu yote yapo, mnyama huyo aliyeachwa amepata kwao. Ikiwa moja halipo, si aibu kungoja. Ni afadhali akae kituoni mwezi mmoja zaidi kuliko kuhamia nyumba ambayo atahamishwa tena.