Fuata Nyuki Hata Msimu wa Njaa: Mafunzo kwa Mfugaji wa Mizinga Michache na Mnunuzi wa Asali

Wahenga walisema, “Fuata nyuki ule asali.” Methali hiyo imewatia moyo wengi walioanza kufuga nyuki kwa mizinga michache pembeni mwa shamba. Hata hivyo, amfuataye nyuki hana budi kumfuata pia katika miezi ya njaa. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023, zikifuatiwa na masika mazito ya mwaka 2024, zilitukumbusha sote katika Afrika Mashariki kwamba msimu hauna mkataba na mtu. Mvua inyeshapo siku nyingi mfululizo, nyuki hawatoki kutafuta chakula, nekta huoshwa kwenye maua, na akiba iliyomo mzingani huliwa na kundi lenyewe.

Katika makala haya tunaeleza mafunzo matano yatokanayo na msimu wa namna hiyo. Mafunzo haya yanamhusu mfugaji mdogo kwa nafasi zake mbili: yeye ni mlaji anaponunua mizinga na vifaa, na ni muuzaji anapopeleka chupa ya asali kwa jirani. Ili kurahisisha maelezo, tuchukue mfano wa mstaafu mmoja wa mkoa wa Pwani, aliyetumia sehemu ya kiinua mgongo chake kununua mizinga kumi.

1. Ahadi ya mavuno si bidhaa

Mstaafu wetu aliambiwa kwamba kila mzinga ungempa kiasi fulani cha asali kila mwaka. Hakuna fundi awezaye kuahidi hivyo, kwa kuwa mavuno hutegemea mvua, maua, nguvu ya kundi na uangalizi. Fundi anaweza kudhamini mzinga tu. Basi kagua mzinga wenyewe: mbao ziwe zimekauka, paa lisivuje, na ndani kusiwe na rangi wala dawa ya mbao yenye harufu kali. Katika mzinga wa viunzi vya juu, pima upana wa kiunzi. Nyuki wetu wa Afrika wanahitaji takriban milimita 32. Kiunzi kikiwa kipana zaidi, nyuki hujenga masega kwa kukatisha kutoka kiunzi hadi kiunzi, na hutaweza kukagua bila kuyavunja. Dai risiti yenye tarehe, jina la muuzaji na maelezo ya kilichouzwa. Ahadi yoyote aliyokupa iandikwe.

2. Mzinga mtupu una sababu

Baada ya mvua, mizinga minne ilikutwa mitupu, na masega yakiwa na utando wa nondo wa nta. Mstaafu alimlaumu nondo, akataka kununua dawa. Mara nyingi nondo huja baadaye: kundi lenye nguvu humfukuza, na kundi dhaifu humwachia masega. Nyuki wa Afrika huhama upesi wanapokosa chakula, wanaposumbuliwa na siafu au nyegere, au mzinga unapofunguliwa mara kwa mara.

Kabla ya kununua dawa yoyote, jiulize mambo matatu. Je, kulikuwa na asali iliyobaki? Je, kulikuwa na majana? Je, maji yaliingia? Masega matupu yasiyo na asali wala majana huashiria kundi lililohama kwa njaa. Waya wa kuning’inizia mzinga, grisi kwenye waya huo na kufyeka majani yanayougusa vitakusaidia zaidi ya dawa usiyoijua.

3. Acha fungu la nyuki

Msimu uliotangulia, mstaafu alirina kila sega alilolikuta. Hilo ndilo kosa lililomgharimu zaidi, ijapokuwa matokeo yake yalionekana miezi mingi baadaye. Asali ni ghala la nyuki kwa siku zisizo na maua. Mwenye kurina ghala zima huwa amewapa notisi ya kuhama. Acha masega kadhaa ya asali karibu na majana, hasa mvua kubwa zinapotarajiwa, na usirine kamwe sega lenye majana.

Katika dhiki, mfugaji anaweza kuwalisha nyuki maji ya sukari, kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji. Lakini nyuki huyahifadhi maji hayo kwenye masega kama wanavyohifadhi nekta. Kilichohifadhiwa hivyo si asali, na kukiuza kwa jina la asali ni kumdanganya mlaji. Ukilisha, acha kabla maua hayajarudi, na masega yaliyojazwa wakati huo waachie nyuki.

4. Haraka ya kurina huzaa povu

Mizinga iliyosalia ilikuwa na asali kidogo, nayo ilirinwa kabla nyuki hawajaifunika kwa nta. Baada ya wiki chache vifuniko vya chupa vilivimba, povu likatoka, na harufu ikawa ya uchachu. Nekta huja mzingani ikiwa na maji mengi. Nyuki huipepea kwa mabawa hadi maji yapungue, ndipo huifunika. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kazi hiyo huchelewa.

Kanuni za kimataifa za chakula, ziitwazo Codex, zinataka unyevu wa asali ya kawaida usizidi asilimia 20. Unyevu ukizidi, hamira za asili huanza kuichachusha. Kwa hiyo rina sega ambalo angalau robo tatu yake imefunikwa, rina siku kavu, na funga vyombo mara moja, kwa kuwa asali hunyonya unyevu wa hewani. Kuchemsha asali iliyochacha hakuirudishii ubora wake. Mstaafu wetu alishauriwa aongeze sukari na kuichemsha ili asipate hasara. Alikataa, akawarudishia fedha majirani waliokwisha kununua. Alipoteza mauzo ya msimu mmoja, lakini hakupoteza wateja.

5. Zungumza na majirani

Shamba la mikorosho lililo karibu lilipuliziwa kiuatilifu cha mbu wa mikorosho asubuhi, maua yakiwa yamefunguka na nyuki wakiwa kazini. Nyuki wengi walikutwa wamekufa mlangoni mwa mizinga. Mapatano ya jioni moja yangezuia hasara hiyo: jirani apulizie nyuki wakiwa wamerudi, naye mfugaji ajulishwe siku. Soma pia maelekezo ya lebo, kwani baadhi ya viuatilifu hubaki na sumu hata siku ya pili.

Kwa mnunuzi wa asali

Msimu mbaya hupunguza asali sokoni na kuongeza bidhaa bandia. Usitegemee kiberiti, glasi ya maji wala sisimizi kupima asali, kwa kuwa majaribio hayo hayathibitishi usafi wake. Vilevile, asali iliyoganda kwa chembe si lazima iwe na sukari. Asali safi nayo huganda. Iweke chupa katika maji ya uvuguvugu. Angalia lebo: jina na anwani ya mzalishaji, mahali ilikotoka, uzito na tarehe. Wala usimpe asali mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata iwe safi kiasi gani, kwani inaweza kuwa na vimelea vinavyosababisha sumu ya botulizimu.

Maswali ya kujipima

Je, ninayo risiti ya kila mzinga niliolipia? Je, ninaandika tarehe ya kila ukaguzi, kila urinaji na kila mara ninapolisha? Je, ningeweza kumweleza mnunuzi, bila kuficha, jinsi asali yangu ilivyopatikana?

Ikiwa umeuziwa kifaa kibovu au asali bandia, mwandikie kwanza muuzaji, ukiambatisha nakala ya risiti na picha. Asipokujibu, lete malalamiko yako kwetu pamoja na vielelezo hivyo, na usitupe bidhaa yenyewe. Daftari dogo na risiti iliyotunzwa ni kinga kwa mfugaji kama zilivyo nguo zake za kurinia.